Je, Amefahamu, au Amekariri Tu?



Juma hili naanza kwa barua. Imetoka kwa karani mmoja ambaye kazi yake i mjini na shamba lake li Ukambani, huko kwenye miteremko. Kila mwisho wa mwezi huenda kuwatazama watu wake. Aniandikia kwamba ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja, ambaye kwa masomo hana lawama. Daftari lake limejaa alama za sahihi, na mwalimu wake amemsifu mara nyingi. Jioni moja baba alimwuliza mmomonyoko wa udongo ni nini. Mtoto akasimama wima, mikono ubavuni, akajibu bila kusita: "Mmomonyoko wa udongo ni kuondolewa kwa tabaka la juu la ardhi kwa maji, upepo au kazi za binadamu." Baba akafurahi sana. Usiku ule mvua kubwa ikanyesha, na asubuhi maji ya mfereji wa kando ya nyumba yakawa yapita mekundu kama matofali. Baba akamwita mtoto, akamwonyesha, akamwuliza, "Mbona maji haya ni mekundu?" Mtoto akayatazama kwa muda, kisha akasema, "Baba, hilo bado hatujafundishwa."

Karani aniuliza kwa uchungu: "Bwana Mwalimu, je, mwanangu ni mjinga, au mwalimu wake ni mvivu?"

Ndugu yangu, huenda wote wawili hawana hatia. Mtoto aliyeweza kushika maneno yale hakosi akili, na mwalimu aliyemfundisha hadi akayashika hakulala darasani. Lililokosekana ni jambo la tatu, nalo ni swali lifaalo. Naomba ruhusa nijibu kirefu kidogo, kwa kuwa kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe, na watoto wa watu waliumia kwalo.

Nilipokuwa kijana katika kazi ya ualimu nilifundisha somo la malaria katika shule moja ya nchi ya joto, karibu na ziwa. Nilijitayarisha vyema. Nilichora picha kubwa ya mbu, miguu yote sita. Baada ya somo nikauliza: malaria huletwa na mdudu gani? "Mbu!" Wa aina gani? "Anofelesi!" Dume au jike? "Jike!" Ni nani aliyevumbua kwamba vijidudu vya malaria hukaa ndani ya mbu huyo, na mwaka gani? "Ronald Ross, mwaka 1897!" Mabati ya paa yalitetemeka kwa sauti zao. Nikaandika katika kitabu changu kwamba somo limefahamika, nikaenda kunywa chai.

Sasa, nyuma ya darasa palikuwa na shimo ambalo udongo wa matofali ya shule ulichimbwa humo. Wakati wa masika lilijaa maji, nayo yakakaa humo juma baada ya juma yakipigwa na jua. Watoto walichota maji hayo kunyunyizia sakafu ya darasa kabla ya kufagia. Siku moja msichana mmoja alipita na kopo lake mkononi, nami nikatazama ndani. Palikuwa na vidudu vidogo vimelala sambamba na uso wa maji. Ndivyo yalalavyo mabuu ya Anofelesi; yale ya mbu wa namna ya Kuleksi huning'inia kichwa chini. Nikamwuliza, "Hivi ni nini?" Akanijibu kwa adabu, "Ni funza wa maji tu, Mwalimu." Nikawauliza wenzake. Hakuna aliyejua. Darasa lililopiga kelele ya "Anofelesi!" lilikuwa likifuga Anofelesi hatua thelathini kutoka kwenye madawati, na kila juma madawati mawili au matatu yalikuwa matupu kwa sababu ya homa. Wala nisijifiche nyuma ya watoto: mimi pia nilipita kando ya shimo lile kila asubuhi.

Tulilifukia, lakini sikulisahau. Nikayapitia maswali yangu upya, nikaona yote yalikuwa ya namna moja. Kila moja lilimtaka mtoto arudishe mkononi mwangu kile nilichompa. Hakuna hata moja lililomtaka akitumie.

Walimu wengine walikuwa wamelifikiri jambo hili zamani. Huko Marekani, mwaka 1948, watahini wa vyuo vikuu walianza kukutana kwa shida ya kawaida kabisa: kila chuo kilijitungia maswali yake, na hapakuwa na lugha ya pamoja ya kusema swali hili lapima nini na lile lapima nini. Kitabu chao kilitoka mwaka 1956, kikihaririwa na Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago. Humo waliyapanga maarifa katika ngazi sita. Mwaka 2001 Lorin Anderson, pamoja na David Krathwohl aliyekuwa mmoja wa wale wa kwanza, waliongoza kazi ya kuzitengeneza upya ngazi hizo, nazo twaweza kuziita hivi kwa lugha yetu: kukumbuka, kufahamu, kutumia, kuchanganua, kutathmini, na kuunda jambo jipya. Yeyote aliyepita chuo cha ualimu amezisikia. Kuzisikia si kazi; kazi ni kuziingiza katika somo la Jumatatu asubuhi.

Tulichukue somo la yule mtoto wa Ukambani. Swali la kwanza twalijua: mmomonyoko ni nini, taja vitu viwili viuletavyo. Hili ni la kukumbuka. La pili lamtaka afahamu: "Mweleze bibi yako ambaye hakwenda shule, wala usilitaje neno mmomonyoko." Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa maneno ya kitabu yameondolewa mikononi mwao na wamebaki na akili zao tu. Mtoto akisema, "Mvua inatuibia udongo mzuri na kuupeleka mtoni," mpe alama zote, amefahamu.

Swali la maji mekundu ni la ngazi ya tatu. Baba hakujua, lakini aliruka ngazi moja nzima. Kutumia maarifa maana yake ni kuyachukua mahali yalipoandikwa na kuyapeleka mahali yasipoandikwa. Kitabuni hamna mfereji wa kando ya nyumba ya karani. Mtoto alipaswa kuona kwamba wekundu ule ndio "tabaka la juu la ardhi", na kwamba "kuondolewa" ndiko kule kupita mbele ya macho yake. Hakuna aliyewahi kumdai aunganishe mambo hayo mawili.

Ngazi ya nne ndiyo niipendayo kupita zote, na kwa Ukambani mfano uko tayari shambani. Wenyeji wa huko huchimba matuta yaitwayo fanya juu. Mfereji huchimbwa kwa kuukata mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Kila mtoto wa huko ameyaona, na pengine ameyachimba. Basi mwalimu na aulize: "Kwa nini udongo hutupwa upande wa juu, na hali kuutupa chini ni kazi rahisi zaidi?" Kisha anyamaze. Hilo ni swali la kuchanganua: lamtaka mtoto azifungue sehemu za jambo na kuona jinsi kila moja inavyoifanyia kazi nyingine. Atafikiri kwamba mvua huteremka na udongo. Kwamba udongo ule huzuiwa na tuta. Kwamba mwaka baada ya mwaka hujikusanya nyuma ya tuta hadi shamba lililokuwa mteremko likawa kama ngazi za nyumba, tambarare baada ya tambarare. Na udongo ukitupwa chini? Mfereji utakuwa juu ya tuta, nao ndio utakaopokea udongo wote na kujaa upesi, na shamba halitasawazika vile. Nimewaona watoto wa miaka kumi na miwili wakilifikia jibu hili wenyewe, kwa kuchora chini kwa kijiti, wakibishana. Somo lilichukua kipindi kizima na sikulijutia.

Ya tano ni kupima na kuamua. Mkulima mmoja amepanda mahindi hadi ukingoni mwa tuta. Jirani yake amepoteza mistari miwili ya mahindi ili apande majani ya ng'ombe juu ya tuta lake. Nani amefanya vyema? Hapa majibu mawili yaweza kuwa ya haki, mradi mtoto aseme anapima kwa kipimo gani: magunia ya mwaka huu, au shamba la miaka kumi ijayo, au maziwa. La sita: "Mteremko wa nyuma ya shule unalika. Tuna majembe kumi na muhula mmoja. Tufanye nini, na tuanzie wapi?"

Lakini msidhani kwamba lazima ngazi zote sita zikanyagwe katika kila kipindi. Nimewahi kumwona mwalimu aliyeziandika ubaoni kila siku, moja hadi sita, naye akazipitia mbio kama mtu anayewahi basi. Maswali mawili mazuri yatosha. Wala msidharau ngazi ya kwanza. Mtoto asiyejua saba mara nane kwa moyo atachoka katika hesabu kabla hajafika penye kufikiri, na asiyekumbuka neno lolote la somo hana kitu cha kuchanganua.

Tena kuna hila moja ambayo yafaa tuiseme wazi. Swali la juu laweza kuwa la chini bila sisi kujua. Kama mwalimu alikwisha kueleza juma lililopita kwa nini udongo wa fanya juu hutupwa juu, na watoto wakaandika, basi swali lile leo ni la kukumbuka tu, hata likianza kwa "kwa nini". Ngazi ya swali haitambulikani kwa neno lake la kwanza. Hutambulikana kwa kazi aifanyayo mtoto ili kulijibu. Kwa sababu hiyo mwalimu hana budi kubadili mfano kila mara: somo likifundishwa kwa shamba, swali liulizwe kwa barabara ya udongo, au kwa ukingo wa mto.

Nchi yetu ililiona jambo hili katika mitihani mikubwa. Mwaka 1972 ripoti ya ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya Kenya ilitaka mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulioitwa CPE, urekebishwe. Katika miaka ile ya 1970 watahini wakaanza kupunguza maswali ya kukariri na kuongeza yale ya kufikiri, na shule zikapelekewa jarida la kueleza watahiniwa walikosea wapi na kwa sababu gani. Nia ilikuwa ya busara: mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa, kwa hiyo ukitaka kugeuza ufundishaji, geuza swali. Ukaja mtihani wa KCPE mwaka 1985, ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa tuna Mtaala wa Umilisi ambao wamtaka mtoto aonyeshe aweza kufanya nini. Haya yote ni mema. Lakini hakuna mtaala uwezao kuingia darasani na kufumba kinywa cha mwalimu aulizaye "Mmeelewa?"

Nalo neno hili "Mmeelewa?" linaniudhi. Ni lipi jibu lake? "Ndiyo, Mwalimu!" Tangu nianze kazi sijasikia darasa likijibu "La". Aliyeelewa asema ndiyo, asiyeelewa asema ndiyo kwa sauti kubwa zaidi ili asijulikane, na aliyekuwa akitazama dirishani asema ndiyo kwa kuwafuata wenzake. Swali hilo halipimi kitu. Vivyo hivyo majibu ya pamoja: watoto watano hodari waweza kuwabeba hamsini na watano, na sikio la mwalimu lisisikie tofauti. Mwenye darasa kubwa afanye hivi: aulize swali moja, kila mtoto aandike jibu lake kwenye kipande cha karatasi kwa maneno machache, naye apite kati ya madawati akisoma. Kwa dakika tano atajua zaidi ya atakavyojua kwa kelele za mwezi mzima.

Jambo jingine ni ukimya. Bibi mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza madarasa ya sayansi akaona kwamba walimu, wakiisha kuuliza, hungoja kadiri ya sekunde moja tu kabla ya kuuliza tena, au kumwita mwingine, au kujijibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, wachache walishindwa kujibu, na hata wale waliodhaniwa wazito wakaanza kusema. Sekunde tatu! Ni kitu kidogo, lakini jaribuni; mbele ya darasa lililonyamaza huonekana kama saa nzima. Mimi huhesabu kimoyomoyo hadi tano. Tena, uliza swali kwanza ndipo umtaje mtoto. Ukisema "Mutua, kwa nini…" wengine wote wamekwisha kupumzika.

Na mtoto akikosea? Hapo ndipo penye dhahabu. Tuseme mtoto ajibu kwamba maji ni mekundu kwa sababu ya kutu ya mabati. Darasa litacheka. Mwalimu asicheke. Mtoto huyu amefikiri: ameona maji yatoka paani, ameona kutu ni nyekundu, ameunganisha. Mwulize, "Umejuaje?" Kisha mwulize, "Nyumba ya nyasi je, maji ya mfereji wake ni meupe?" Mwache aende akatazame. Atarudi na jibu alilolipata kwa miguu yake, na hilo halisahauliki. Lakini ukimwambia "Vibaya, keti", umemfundisha jambo moja tu, kwamba kufikiri kwa sauti ni hatari. Kuanzia siku ile atangoja afundishwe, na akiulizwa na babake atasema, "Hilo bado hatujafundishwa."

Nakaribia kumaliza, lakini nisiisahau lugha. Mara nyingi mtoto afahamu na hana maneno ya Kiingereza ya kusemea. Kama ni mtihani wa Kiingereza, sawa, apimwe Kiingereza. Kama ni somo la udongo, na ajibu kwanza kwa lugha yoyote aijuayo, kisha asaidiwe kuyavusha maneno. Tusiipime ndoo kwa urefu wa kamba.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu karani. Nilimwandikia hivi: Usimkemee mtoto, wala usiende shuleni na ghadhabu. Mwisho wa mwezi ukifika nyumbani, tafuta makopo mawili makubwa yaliyokatwa ubavu. Moja ulijaze udongo mtupu, na la pili udongo ulioshikwa na nyasi pamoja na mizizi yake. Yainamishe kadiri moja, weka bakuli chini ya kila moja, na mtoto amwagie maji sawasawa kwa kopo lililotobolewa matundu. Usimweleze kitu. Mwulize tu, "Waona nini?" na baadaye, "Kwa nini?" Kisha hesabu hadi tano.

Jibu lake limenifikia kabla ukurasa huu haujakwenda kupigwa chapa. Walifanya kama nilivyosema. Bakuli la kwanza lilijaa maji mekundu. La pili maji yake yalikaribia kuwa safi. Mtoto aliyatazama yote mawili, akaenda hadi kwenye mfereji, akarudi. Akasema, "Kumbe lile ndilo shamba letu linapita." Baba akafurahi kuliko siku ile ya kwanza. Lakini mtoto hakuwa amemaliza. Alitazama upande wa bondeni, ambako mwaka uliopita baba yake alifyeka nyasi zote hadi ukingo wa mto ili aongeze mistari ya mahindi, akauliza, "Basi, Baba, kule tulifyeka kwa nini?"

Karani aniambia alihesabu hadi tano, na zaidi ya tano, na bado hajamjibu.